Kulehemu bomba la shaba: nini hasa kinatokea ndani ya kiungo

Kulehemu bomba la shaba ni kuliunganisha na kiungo chake (soketi, elbo ya kona au tii ya njia tatu) kwa kuyeyushia katikati yao metali laini inayowahi kuyeyuka kabla ya shaba, ambayo ikipoa inaganda na kuziba. Metali hiyo ni lehemu. Mitaani wengi huiita risasi, lakini hapa nitashika neno lehemu, kwa kuwa risasi yenyewe, ile metali yenye sumu, ina habari yake huko mbele na si vizuri vitu hivyo viwili vichanganyike.

Shaba yenyewe haiyeyuki hata kidogo. Inahitaji nyuzi joto 1,085 za Selsiasi kuyeyuka, wakati lehemu ya mabomba ya maji huyeyuka kati ya nyuzi 180 na 300 hivi, kutegemea imechanganywa na nini. Hapo ndipo kulehemu kunapoachana na kuchomelea geti la chuma, ambako vyuma viwili huyeyuka pale vinapokutana vikawa kitu kimoja. Bomba lililolehemiwa na elbo yake hubaki vipande viwili vilivyoshikwa na cha tatu.

Anayetazama kazi iliyokwisha huona pete nyembamba inayong'aa kuzunguka mdomo wa kiungo, akadhani hiyo ndiyo inayozuia maji. Pete hiyo inakujulisha tu kwamba lehemu imefika mpaka mdomoni. Kazi yote iko ndani, pale bomba lilipoingia kwenye kiungo, katika mwanya unaozunguka bomba pande zote. Mwanya unaofaa una kama sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande, au chini kidogo ya hapo. Fundi akiujaza mwanya huo, kiungo kitadumu miaka mingi. Akipaka lehemu nje na ndani pakabaki patupu, maji yatapita, leo au baada ya mwaka.

Sasa lehemu inaingiaje ndani, na hakuna anayeisukuma? Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi wa koroboi bila pampu yoyote, kwa sababu kimiminika kinachopenda kung'ang'ania kitu huvutwa kwenye nafasi nyembamba zilizo ndani ya kitu hicho. Nguvu ileile huivuta lehemu iliyoyeyuka kati ya kuta mbili za shaba. Huivuta kwa ubavu, huivuta chini, na huivuta hata kwenda juu, ndiyo maana kiungo chenye mdomo uliotazama sakafu kinalehemika vizuri kabisa, lehemu ikapanda yenyewe. Lakini mwanya ukipanuka, nguvu hiyo hupungua haraka, na lehemu hudondoka sakafuni.

Kwa hiyo vipimo si jambo la kupuuza. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya hutumia bomba la shaba lenye upana wa nje wa milimita 15. Marekani wanatumia bomba wanaloliita la nusu inchi, ambalo upana wake wa nje ni inchi tano kwa nane, yaani karibu milimita 15.9. Kwa macho ni ndugu. Ukiingiza bomba la milimita 15 kwenye elbo ya nusu inchi ya Kimarekani, linaingia, linacheza kidogo, na mwanya unaobaki ni karibu nusu milimita kila upande, mara kadhaa ya ule unaofaa. Lehemu haitakaa humo. Kinachopotosha zaidi ni ukubwa unaofuata: bomba la Kimarekani la robo tatu inchi lina milimita 22.2 kwa nje, na la Kiingereza lina 22, kwa hiyo hayo mawili karibu yanalingana. Aliyebahatika na robo tatu huamini kwamba nusu nayo itakubali. Mahali ambako madukani huuzwa bidhaa za kutoka kila upande wa dunia, pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, kabla ya kununua. Maandishi ya mfuko yasikutoshe.

Mwanya ukishakuwa sawa, linabaki suala la usafi, na hapa ndipo ninapoona viungo vingi vikiharibika kabla moto haujawashwa. Shaba ikikaa hewani hujifunika utando mwembamba wa oksidi, ule unaoifanya ipoteze mng'ao na kuwa kahawia. Lehemu haishiki oksidi. Huiviringikia juu kama vidonge na kuanguka. Ndipo fundi anapochukua msasa laini akasugua ncha ya bomba pande zote mpaka shaba ing'ae rangi ya waridi, kisha akasugua ndani ya kiungo kwa brashi ya waya ya duara. Baada ya hapo pasiguswe na mtu: mafuta ya kidole yanatosha kuacha doa ambalo lehemu itaruka.

Msasa peke yake hautoshi, kwa kuwa shaba ikipata moto hujenga oksidi upya, tena upesi kuliko mwanzo. Hiyo ndiyo kazi ya flaksi, mafuta mazito yaliyotiwa chumvi kali kama kloridi ya zinki. Unaipaka kwa brashi, safu nyembamba juu ya bomba na ndani ya kiungo. Ikipata joto hula mabaki ya oksidi, huifunika shaba isiguswe na hewa, halafu huipisha lehemu inapofika. Lehemu inapoigusa shaba iliyo tupu namna hiyo, hutandaa juu yake, na stani, metali laini nyeupe iliyomo ndani yake, huungana na ngozi ya shaba kutengeneza tabaka jembamba sana la kitu kipya ambacho ni shaba na stani kwa pamoja. Ni tabaka hilo linaloshika. Gundi hukauka juu ya kitu. Lehemu huingia katika ngozi yake.

Kuna hatua moja ya kabla ya msasa ambayo wengi huiruka kwa sababu matokeo yake hayaonekani siku hiyo. Kikata bomba kinapozunguka, gurudumu lake husukuma ukingo wa shaba kwenda ndani, na mdomo wa bomba unabaki na kizingiti kidogo chenye makali. Kikiachwa, maji yanayopita kwa kasi hujizungusha pale na kuila shaba kidogo kidogo, mpaka tundu la ukubwa wa sindano litokee karibu na kiungo ambacho kililehemiwa vizuri tu. Kukiondoa ni kazi ya sekunde chache kwa kikwangulio kilicho kwenye vikata bomba vingi, au kwa tupa ya duara.

Sasa moto. Kanuni inayotawala yote ni kwamba shaba ndiyo inayoiyeyusha lehemu. Mwali wa tochi ya gesi kazi yake ni kuipasha shaba. Ukiielekezea lehemu mwali moja kwa moja itayeyuka, naam, na itatua juu ya shaba baridi ikaganda hapohapo bila kuingia popote. Tuchukue elbo ya nusu inchi. Fundi hulianza bomba kwanza, karibu na mdomo wa elbo, akiuzungusha mwali, kwa sababu bomba ndilo litakalopeleka joto ndani mahali ambapo mwali haufiki. Kisha huhamia kwenye elbo yenyewe. Flaksi huanza kuchemka na kutoa sauti, halafu hutulia na kuwa angavu. Hapo hugusisha ncha ya lehemu mdomoni mwa kiungo, upande ulio mbali na mwali. Isipoyeyuka, huiondoa na kuendelea kupasha. Ikiyeyuka, huusogeza mwali nyuma kidogo, kwenye kitako cha elbo, kwa maana lehemu hufuata joto: palipo moto zaidi ndipo inapokimbilia. Kwa jicho utaiona ikizama, mstari unaong'aa ukizunguka mdomo mara moja na kurudi ulipoanzia. Wakati huo kazi imekwisha.

Haihitajiki nyingi. Kwa bomba la nusu inchi, urefu wa nusu inchi ya waya wa lehemu unatosha. Kwa robo tatu, robo tatu. Inayozidi hutiririka ndani ya bomba na kuganda huko, ikipunguza njia ya maji. Kiungo kisitikiswe mpaka lehemu igande, wala kisimwagiwe maji ili kipoe haraka.

Wanaoanza huogopa kwamba hawajapasha vya kutosha, kumbe hasara kubwa iko upande wa pili. Ukizidisha moto flaksi inaungua na kuwa nyeusi, na shaba inarudia kuwa na oksidi ikiwa imezibwa na masizi. Kuongeza lehemu hapo ni kuipoteza bure. Kiungo kivunjwe, kisafishwe upya, kianzwe upya.

Kikwazo kingine ni maji. Bomba likibaki na maji, hata matone machache yanayoshuka kutoka koki isiyofunga vizuri, pale yalipo joto halitapita nyuzi 100 mpaka yageuke mvuke yote, na lehemu inataka karibu mara mbili ya hapo au zaidi. Unapiga moto dakika nzima na hakuna kinachotokea. Mafundi wa zamani wa Uingereza na Marekani walikuwa na dawa yake, na bado inatumika: kipande cha mkate mweupe, bila ganda, husukumwa ndani ya bomba kikazuia maji kwa dakika zile za kulehemu, kisha presha ya maji hukiyeyusha na kukitoa. Fungua utoe kichujio kilicho mdomoni mwa koki kabla ya kufungulia maji, usije ukakuta mkate umekwama humo. Na daima acha koki moja wazi sehemu fulani ya mfumo, kwa kuwa hewa na mvuke vilivyofungiwa vikipanuka huisukuma lehemu kutoka kwenye mwanya.

Tufike kwenye sumu. Kwa miaka mingi lehemu ya mabomba ilikuwa nusu stani na nusu risasi. Ilikuwa rahisi kufanyia kazi, kwani ilianza kulainika kwenye nyuzi 183 na kuchukua muda kuganda. Lakini risasi huingia katika maji, hasa yakilala ndani ya bomba usiku kucha, na hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Marekani ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1986 lehemu yenye risasi zaidi ya asilimia 0.2 katika mabomba ya maji ya kunywa, na Uingereza ikafuata mwaka uliofuata. Siku hizi lehemu ya maji huwa karibu yote stani, ikichanganywa na shaba kidogo, antimoni au fedha. Huyeyuka kwenye joto la juu zaidi, na ndiyo maana fundi aliyezoea ile ya zamani huiona ngumu.

Nalisema hili kwa mkazo kwa wasomaji wa nyumbani: waya anaotumia fundi redio mara nyingi una risasi asilimia 40. Usiingie kwenye bomba la maji ya kunywa kwa namna yoyote, hata kwa kiraka kidogo cha dharura. Nao Waswahili wanaokaa Ulaya au Amerika katika nyumba za kabla ya miaka hiyo, wenye mabomba ya shaba, wafungulie maji kwa muda asubuhi kabla ya kunywa, na wapikie na kukorogea maziwa ya mtoto maji ya bomba la baridi. Kuchemsha hakuondoi risasi. Maji hupungua kwa mvuke na risasi inabaki ileile.

Afrika Mashariki nyumba nyingi zina mabomba ya plastiki au ya chuma kilichopakwa zinki, kwa hiyo shaba utakutana nayo zaidi kwenye hita za jua juu ya paa, kwenye friji na viyoyozi, na kwenye mabomba ya oksijeni hospitalini. Huko lehemu laini, hii tuliyoizungumzia mpaka sasa, haifai. Paneli ya jua isiyopitisha maji mchana wa jua kali inaweza kupita nyuzi 150, na gesi ya kiyoyozi hukaa kwa presha kubwa sana. Kinachotumika ni lehemu ngumu, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ile inayoyeyuka juu ya nyuzi 450. Fundi wa viyoyozi hutumia fimbo za shaba yenye fosforasi, zinazotaka nyuzi zaidi ya 600, na shaba kwa shaba hahitaji flaksi, kwa kuwa fosforasi yenyewe huisafisha oksidi. Kanuni ya mwanya ni ileile. Kilichobadilika ni joto, na shaba huwaka wekundu kabla fimbo haijakubali.

Lehemu ikishaganda, futa flaksi ya nje kwa kitambaa chenye maji, kisha fungulia maji yapite kwa nguvu yaoshe ya ndani. Ni chumvi kali, na ikiachwa huendelea kula. Ule ukijani unaochuruzika chini ya viungo vya zamani mara nyingi umetoka kwake. Ukutani palipopigwa moto weka mkono, kisha rudi baada ya saa moja uweke tena, maana mbao huweza kufuka kimyakimya nyuma ya plasta muda mrefu baada ya tochi kuzimwa.

Kiungo kikivuja wakati wa kupima, usiongeze lehemu juu yake. Maji yameshaingia mwanyani, flaksi imekwisha, na lehemu mpya itakaa nje kama ilivyokaa ya kwanza. Funga maji, toa yote yaliyomo, pasha kiungo mpaka kiachie, kivute kikiwa moto kwa koleo, futa lehemu ya zamani kwenye bomba, tia elbo mpya, na uanze tena kwenye msasa.