Kidonda cha Utotoni Kinapotoneshwa: Maswali na Majibu

Kiswahili kina neno moja linaloeleza jambo hili kuliko kurasa kumi za maelezo: kutonesha. Kidonda kimeanza kukauka, mtu anapita na kiwiko chake kinakigusa, unaruka kwa maumivu. Yeye anashangaa, "Nimekugusa tu!" Na wewe unajishangaa. Maswali yaliyo hapa chini yanahusu vidonda vya moyoni vilivyoanzia utotoni na kuendelea kutoneshwa ukubwani, pamoja na namna ya kujiwekea malengo ya kubadilika ambayo hayatakuvunja moyo wiki ya pili. Kile kinachokitonesha kidonda tutakiita kichochezi.

Bosi akiniandikia "kuna jambo nataka tuzungumze kesho," usiku silali. Kesho yake huwa ni jambo dogo tu. Kwa nini mwili wangu unanifanyia hivi?

Kwa sababu maneno kama hayo mwili wako uliwahi kuyasikia zamani, kutoka kwa mtu mwingine, na kilichofuata hakikuwa chema.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayoitwa amigdala. Moja ya kazi zake ni kunusa hatari, na haina subira ya kungoja ushahidi. Ikikuta kitu kinachofanana na hatari ya zamani, iwe sauti, harufu, mkunjo wa uso au hata mpangilio wa maneno, inapiga king'ora. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasokota. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hufuata baada ya dakika kadhaa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo kwa utulivu, inaletewa habari wakati mwili umeshajiandaa kupigana au kukimbia. Wahenga waliliona hili bila mashine yoyote: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauumi, na aliyeshtuka analijua hilo vizuri. Tatizo ni kwamba analijua akiwa amesharuka.

Mtoto hujifunza somo hili kwa kina kuliko mtu mzima kwa kuwa hana pa kwenda. Mtu mzima akichoka na nyumba yenye vurugu anaweza kufungasha. Mtoto wa miaka 6 hawezi. Kinachobaki kwake ni kusoma dalili. Anasikia funguo zikigusa kitasa, na kwa jinsi zinavyogonga anajua kama aliyerudi amerudi na hasira. Huo si woga wa kipumbavu, ni akili ya kujiokoa. Miaka 30 baadaye mwenzi wake anatupa funguo mezani kwa sababu mikono imejaa mizigo, na mabega ya mtoto yule wa zamani yanapanda hadi masikioni. Humo chumbani hakuna aliyekosea.

Nitajuaje kama hiki ni kichochezi au nimeudhika tu kama mtu yeyote?

Angalia ukubwa na kasi. Jambo la shilingi likizua hasira ya milioni, na hasira yenyewe ikafika kabla hujafikiri, kuna cha zamani kimeguswa. Dalili nyingine ni kujihisi mdogo ghafla, sauti ikakauka kama uko mbele ya mwalimu mkali. Lugha nayo huumbua: utajisikia ukisema "kila siku unanifanyia hivi" kwa mtu aliyekosea mara moja.

Ila neno hili limeanza kutumiwa hovyo. Mtu akikutukana mbele za watu, hasira yako haihitaji historia ya utotoni ili iwe halali.

Mimi sikupigwa wala kunyanyaswa. Nina haki gani ya kusema nina vidonda?

Swali hili huulizwa sana, na mara nyingi na watu wanaoumia kweli. Kati ya 1995 na 1997 watu zaidi ya 17,000 nchini Marekani walijaza madodoso kuhusu utoto wao katika utafiti ulioongozwa na madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1998. Madodoso hayakuishia kwenye vipigo. Yaliuliza pia kuhusu kudhalilishwa kwa maneno, mzazi mlevi, mzazi mwenye ugonjwa wa akili, ndugu aliyefungwa, wazazi kutengana na, kwa sehemu ya washiriki, kukosa mtu wa kukujali. Takriban theluthi mbili ya waliojibu walitaja angalau jambo moja. Kadiri mambo hayo yalivyoongezeka kwa mtu, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi na hata magonjwa ya moyo ulivyopanda.

Kwa hiyo kilichokosekana nacho huumiza. Mtoto aliyelishwa, akavishwa na kusomeshwa, lakini kila alipolia akaambiwa "acha kudeka", hukua bila kujua afanye nini na machozi yake. Ukubwani, ukimya wa mtu anayempenda unaweza kumuumiza kuliko tusi.

Tahadhari moja: alama zinazotokana na dodoso hilo, yaani hesabu ya mambo hayo ambayo mtu ameyapitia, zinaeleza makundi ya watu. Haziwezi kutabiri maisha ya mtu mmoja, na Anda mwenyewe, mwaka 2020, aliandika pamoja na wenzake kuonya dhidi ya kuzitumia hivyo. Kwa hiyo usijipigie hesabu kwenye simu usiku wa manane kisha ukajihukumu.

Ni lazima nikumbuke kilichotokea ndipo nipone?

Hapana. Unaweza kufanyia kazi mwitikio wako wa leo bila kuwa na picha kamili ya jana. Na mtu anayekushurutisha "ukumbuke" jambo usilolikumbuka, mkwepe, hata akijiita mtaalamu.

Kidonda kikishatoneshwa, nifanye nini palepale?

Anza na mwili, kwa sababu hapo ndipo moto ulipo. Kujihubiria "tulia, tulia" huku moyo unagonga kama ngoma ni kazi bure. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, rudia kwa dakika mbili tatu. Mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi. Ndiyo maana kutoa kunapaswa kuwa kurefu kuliko kuvuta. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, uisikie.

Kisha lipe jina. Sema kimoyomoyo: "Hii ni aibu," au "Naogopa kuachwa." Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira au hofu, wakaona kwamba kuitaja hisia kwa jina lake kulipunguza harakati za amigdala. Jina liwe mahususi kadiri iwezekanavyo. "Sijisikii vizuri" ni pana mno, na "nimekasirika" mara nyingi ni kifuniko tu. Ukikifunua chini yake unakuta woga au aibu.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi: "Hapa najisikia kama mtu wa miaka mingapi?" Mimi hutoneshwa na mtu anaponyamaza nikiwa bado naongea. Nikijiuliza swali hilo, jibu huwa 8 au 9, na papo hapo naelewa kwamba mtu wa miaka 9 asiachiwe kujibu ujumbe wa simu.

Ukishindwa yote hayo, ondoka kwa heshima. "Naomba dakika 20, nitarudi tuendelee." Sehemu ya "nitarudi" usiiache, hasa kama mwenzako naye ana kidonda cha kuachwa.

Si bora nikae mbali na kila kinachonitonesha?

Kwa muda, ndiyo, hasa kama kinachokutonesha ni mtu anayeendelea kukuumiza. Huyo kaa naye mbali bila kujieleza. Lakini kukwepa kila kitu kuna gharama yake: kila unapokimbia unapata nafuu ya haraka, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kwamba palikuwa na hatari kweli. Leo unakwepa vikao, kesho simu, keshokutwa unakwepa marafiki.

Woga wa zamani haufutwi. Juu yake hujengwa kumbukumbu mpya: nilisikia funguo zikigonga meza, nikabaki, na hakuna kilichotokea. Mara moja haitoshi.

Mwaka huu nilijiwekea lengo la kutokasirika kabisa. Sikumaliza hata wiki mbili. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye lengo, wala wewe si dhaifu. Umejiahidi jambo ambalo huna mamlaka nalo. Hasira hufika kabla yako, kama tulivyoona. Kuahidi kwamba haitafika ni sawa na kuahidi kwamba hutapiga chafya. Halafu lengo la "kutofanya" halikuambii ufanye nini saa ile unapobanwa.

Pima kitu kingine: muda wa kurudi. Kama zamani ukitoneshwa unanuna siku tatu, na mwezi huu umenuna siku moja na nusu, umeendelea sana, ingawa kwa kipimo cha "kutokasirika kabisa" ungejiandikia sifuri. Watu wengi huacha safari hii wakiwa wanapiga hatua, kwa sababu tu wameshika rula isiyo yake.

Kisha andika mpango wenye "nikiona hili, nitafanya lile." Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameshughulikia mbinu hii kwa miaka mingi, na mwaka 2006, pamoja na Paschal Sheeran, alikusanya matokeo ya majaribio 94 yaliyoonyesha kwamba mipango ya namna hii huwasaidia watu kutimiza walichokusudia. "Nitakuwa mvumilivu" halina mshiko. Linganisha na hili: "Nikiona ujumbe wa bosi usioeleza jambo lenyewe, nitaweka simu chini, nitatoa pumzi ndefu mara 10, kisha nitamuuliza ni kuhusu nini ili nijiandae." Hapo kuna kichochezi kinachotajwa kwa jina na kitendo cha mikono. Ubongo uliochanganyikiwa hauwezi kubuni mpango, ila unaweza kufuata uliokwisha andaliwa.

Chagua kichochezi kimoja. Kimoja tu, na kiwe cha wastani. Usianze na yule mzazi au yule mtalaka. Na ujipe muda. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya nyepesi, kama kunywa maji wakati wa kula. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia ikawa ya kujiendea, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Ikiwa maji yanadai miezi miwili, woga wa miaka 30 una haki ya kudai zaidi. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukiteleza Jumanne, anza tena Jumatano. Usingoje mwezi mpya.

Jana nilimfokea mwanangu kwa maneno yaleyale niliyokuwa nikiambiwa. Nimeshamharibu?

Hujamharibu. Kinachomuumiza mtoto zaidi ni kufokewa kukiwa mazoea na hakuna anayerudi kurekebisha. Mrudie leo, ukae chini macho yenu yawe sawa, useme: "Jana nilikufokea. Nilikosea, na halikuwa kosa lako. Nikikasirika tena nitatoka nje kidogo kwanza." Usiongeze "lakini na wewe bwana..." Na usimwombe yeye akufariji, hiyo ni kazi ya watu wazima wenzako.

Kuandika kwenye daftari kunasaidia?

Wengine, ndiyo. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza zaidi. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Manufaa yalionekana miezi iliyofuata. Kwa hiyo usishtuke daftari likikuliza siku ya kwanza. Likikufanya ukose usingizi wiki nzima, lifunge.

Ni wakati gani wa kumwona mtaalamu?

Unaporudiwa na picha za tukio kana kwamba linatokea sasa, unapoota ndoto mbaya mara kwa mara, unapojihisi uko nje ya mwili wako, unapohitaji pombe au dawa ili ulale, au kazi na mahusiano yanapoanza kuvunjika. Zipo tiba za mazungumzo zilizoundwa kwa ajili ya majeraha haya, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mbili: tiba ya fikra na tabia inayolenga tukio lenyewe, na tiba ambayo mgonjwa hukumbuka tukio huku macho yake yakifuata kitu kinachosogea upande huu na huu. Hii ya pili inasikika kama mazingaombwe, najua, lakini imepimwa. Kama kuna sonona pia, daktari anaweza kuongeza dawa.

Ukiwa na mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtu, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na mwende pamoja hospitali.

Wazazi wangu bado wapo hai. Niwaambie walivyoniumiza?

Si lazima. Wapo waliosema wakapata "samahani, mwanangu" waliyoingoja miaka 20, na wapo walioambiwa "umekosa shukrani" wakarudi na kidonda kipya. Ukiamua kwenda, andika kwanza sentensi moja unayotaka waisikie, uisome kwa sauti mbele ya rafiki. Sikiliza inaishiaje. Ikiishia na "ili mjue," unaweza kuitimiza mwenyewe kwa kuisema tu. Ikiishia na "ili mkubali," ufunguo umewakabidhi wao. Iahirishe safari hiyo kidogo.