Usinichoree kila kiti

Nimetumiwa tena faili la mchoro wa kompyuta wa ukumbi lenye kila kiti, kila nondo ya dirisha na kila pangaboi, na maelezo ni yaleyale: "Nimechora kila kitu ili majibu yawe sahihi." Jamani, hapana. Kwa hesabu za mwangwi, yaani sauti itadumu muda gani ukumbini kabla ya kufifia, mchoro wa namna hiyo unaharibu majibu.

Programu nyingi tunazotumia hurusha miale ya sauti na kuifuata inavyogonga kuta, njia ambayo mtafiti Krokstad na wenzake wa Norwei waliieleza mwaka 1968. Mwale hauna upana. Ukikuta mguu wa kiti wa sentimita 5, unadunda kama umegonga ukuta mzima. Sauti haiendi hivyo: wimbi la hezi 125, sauti nzito, lina urefu wa karibu mita 2.7, linaupita mguu huo kana kwamba haupo. Hata kwa hezi 1,000 ni sentimita 34. Kwa hiyo safu zote za viti nazifanya sanduku moja, kisha nalipatia namba mbili: linafyonza sauti kiasi gani, na linaitawanya kiasi gani.

Ufyonzaji una majedwali yake, kasome. Utawanyaji ndio unaoninyima usingizi. Chukua ukumbi wa kuta za zege zinazotazamana, ambamo kinachofyonza ni watu waliokaa tu. Ukiweka utawanyaji mdogo, miale inadunda ukuta hadi ukuta juu ya vichwa vyao bila kushuka, na mwangwi unatoka mrefu ajabu. Ongeza kidogo tu, miale inashuka kwenye viti, mwangwi unafupika. Jengo halijaguswa hata tofali moja! Mwaka 1995 mtafiti Vorländer alichapisha ulinganisho wa programu mbalimbali kwa ukumbi mmoja wa Braunschweig, Ujerumani. Ni tatu tu zilizoaminika bila shaka, na zote tatu zilihesabu utawanyaji.

Namba yenyewe ya utawanyaji inatoka wapi? Kwa watu waliokaa huweka karibu 0.7, kwenye kipimo cha 0 hadi 1, hasa kwa sababu wenzangu huweka hivyo. Kwa nyuso nyingi hatuna msingi imara kuliko mazoea hayo. Ndiyo maana ukumbi uliokwisha kujengwa huupima kwanza: napasua puto, narekodi mlio unavyofifia, halafu narekebisha namba mpaka mfano wa kompyuta ukubaliane na ukumbi. Na besi ya chumba kidogo siikabidhi kwa miale kabisa, wimbi lihesabiwe kama wimbi.

Basi nitumie kuta, sakafu na masanduku ya viti, na uniambie dari ni jipsamu, mbao au mabati matupu.