Al Ain haikuzaliwa na mafuta

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi ya WhatsApp, wenye picha ya mchanga mtupu kando ya picha ya maghorofa, ukidai kwamba miji yote ya Falme za Kiarabu iliota jangwani baada ya mafuta kupatikana. Madai hayo si sahihi.

Abu Dhabi ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1962, ilhali Al Ain, mji wa chemchemi ulio ndani ya Abu Dhabi hiyo hiyo, mpakani na Oman, una makaburi ya mawe ya miaka ipatayo 5,000 chini ya Mlima Hafit, na mifereji ya falaj ya takriban miaka 3,000, inayopitisha maji chini ya ardhi hadi kwenye mitende, ambako wakulima waliyagawana kwa zamu. Anayefika huko hutembea kivulini kati ya kuta za udongo, mfereji ukiwa miguuni pake. Asiyeweza kusafiri afungue orodha ya Urithi wa Dunia, ambamo maeneo ya kale ya mji huu yaliingizwa mwaka 2011.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa barabara pana, hospitali na vyuo vya huko vimejengwa kwa fedha za mafuta. Hata hivyo, ujumbe huo unawafuta wakulima wa vizazi vingi. Tafadhali ukikufikia, usiusambaze.