Muda wa utumishi: hesabu ya siku inayotawala maisha ya mchezaji wa besiboli

Muda wa utumishi ni jumla ya siku ambazo mchezaji amekuwa kwenye kikosi cha klabu ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB. Kinachohesabiwa ni siku, si mechi. Aliyecheza mechi nzima na aliyekaa benchi wote huandikiwa siku moja, na hata siku ya mapumziko huhesabiwa. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua nani anapanga mshahara wa mchezaji, kama anaweza kushushwa ligi ndogo, zile za chini ya MLB, bila ridhaa yake, na lini ataruhusiwa kujichagulia klabu.

Aliyezoea soka inabidi asahau jambo moja kwanza. Katika soka mkataba ukiisha, mchezaji anabeba mabegi yake na kwenda anakotaka. Katika besiboli mchezaji kijana kwa kawaida husaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, lakini mkataba kuisha hakumpi uhuru. Klabu hubaki na haki juu yake hadi atimize miaka sita ya utumishi, na katika kipindi hicho inaweza kumuuza au kumbadilisha na mwingine.

Msimu una mechi 162 zinazochezwa kwa takriban siku 186 au 187. Anayefikisha siku 172 kwenye kikosi hupewa mwaka mzima, na hakuna anayeweza kupata zaidi ya mwaka mmoja kwa msimu mmoja. Hesabu huandikwa kwa nukta: 4.103 maana yake miaka minne na siku 103. Hiyo nukta si ya desimali. Baada ya 4.171 inakuja 5.000. Kikosi chenyewe ni cha watu 26, wanaofika 28 mwezi Septemba, na juu yake kuna orodha pana ya watu 40 ambayo baadhi yao hucheza ligi ndogo. Kuwa kwenye orodha ya watu 40 peke yake hakuongezi siku. Lazima uwe kwenye kikosi cha 26 au kwenye orodha ya majeruhi ya klabu kubwa.

Miaka mitatu ya mwanzo klabu ndiyo inayopanga mshahara, na mara nyingi hulipa kiwango cha chini kabisa au kilichozidi kidogo. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 760,000. Baada ya miaka mitatu mchezaji anapata haki ya usuluhishi: wasipokubaliana, yeye anataja kiasi chake, klabu inataja chake, na jopo la wasuluhishi watatu huchagua kimoja kati ya viwili. Hakuna kugawana katikati. Kwa hiyo anayeomba kupita kiasi hujikata mwenyewe, kwa sababu jopo litaona cha klabu kiko karibu zaidi na haki.

Kasoro ya utaratibu huu iko kwenye kikao chenyewe. Mchezaji anakaa chumbani akisikiliza mawakili wa klabu yake wakieleza udhaifu wake, kisha wiki chache baadaye anavaa jezi ya klabu hiyo hiyo. Corbin Burnes, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa Milwaukee Brewers aliyekuwa ameshinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 2021, alikwenda kwenye usuluhishi mwaka 2023 akiomba dola milioni 10.75 dhidi ya milioni 10.01 za klabu. Alishindwa, akasema hadharani kwamba uhusiano umeumia. Tofauti ilikuwa dola 740,000, kiasi kidogo kwa klabu ya ligi kuu, na mwaka uliofuata akahamishiwa Baltimore.

Miaka sita ikitimia ndipo mchezaji anakuwa huru, na fedha kubwa ziko hapo. Ni rahisi basi kuona klabu inavyofikiri. Kijana mwenye kipaji akiwa tayari mwezi Machi, akaanza msimu kwenye kikosi, atakuwa huru baada ya misimu sita. Akibakishwa ligi ndogo wiki mbili na kitu, atamaliza mwaka wa kwanza na siku 171, na klabu itakuwa naye msimu wa saba. Siku moja imenunua mwaka mzima.

Mfano unaotajwa sana ni wa Kris Bryant wa Chicago Cubs. Alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2013, zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji chipukizi, na mwaka 2014 alipiga mipira 43 ya kuvuka uzio katika ligi ndogo. Maandalizi ya msimu wa 2015 akapiga mingine tisa. Klabu ikasema bado anahitaji kujinoa katika kudaka, ikamrudisha chini. Msimu ulianza Aprili 5, yeye akaitwa Aprili 17. Hesabu kuanzia siku hiyo hadi Oktoba 4 msimu ulipofungwa: siku 14 za Aprili, kisha Mei hadi Septemba 31, 30, 31, 31, 30, na nne za Oktoba. Jumla 171. Akatwaa tuzo ya mchezaji bora mpya, mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi yake (MLB ina ligi mbili ndani yake), na lalamiko lililofunguliwa kwa niaba yake likakataliwa mwaka 2020, kwa sababu kuthibitisha nia ya klabu ni kazi ngumu sana. Sababu ya kimpira haikosekani kamwe.

Hesabu hii ina upande wa pili ambao wasimuliaji wengi huuruka. Wachezaji wenye miaka miwili na zaidi, lakini hawajafika mitatu, hupangwa kwa wingi wa siku, na asilimia 22 wa juu huingia kwenye usuluhishi mapema, mradi mwaka uliotangulia wawe na siku zisizopungua 86. Bryant, akiwa na 2.171, aliingia humo, akapata misimu minne ya usuluhishi badala ya mitatu: dola milioni 10.85, 12.9, 18.6 na 19.5. Kilichochelewa ni uhuru. Tena msimu wa 2020 uliokatwa na janga la korona alipiga vibaya mno, wastani wa .206, kwa hiyo kama angekuwa huru wakati ule huenda soko lingemtazama kwa jicho baya. Alipopata uhuru mwishoni mwa 2021 alikuwa karibu anatimiza miaka 30, na Colorado Rockies wakampa miaka saba kwa dola milioni 182.

Klabu huwa hazikiri mchezo huu hadharani. Rais wa Seattle Mariners, Kevin Mather, aliusema waziwazi kwenye mkutano mwaka 2021, pamoja na maneno mengine ya kuudhi kuhusu wachezaji, na akalazimika kujiuzulu. Mkataba wa pamoja wa 2022, kati ya klabu na chama cha wachezaji, ulijaribu kuziba pengo: anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye tuzo ya mchezaji mpya wa ligi yake hupewa mwaka mzima, hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Adley Rutschman wa Baltimore aliitwa Mei 2022, akashika nafasi ya pili, akapewa mwaka wake. Paul Skenes wa Pittsburgh aliitwa Mei 2024, akashinda, naye akapewa. Klabu zinazowapandisha vijana wao mapema zinaweza pia kuzawadiwa nafasi ya ziada kwenye drafti. Dawa hii inawafikia nyota. Wa kawaida haiwagusi.

Mchezaji wa kawaida hupoteza siku zake kwa njia nyingine, ile ya kupanda na kushuka. Aliye kwenye orodha ya watu 40 huwa na misimu mitatu ambayo klabu inaweza kumshusha na kumpandisha itakavyo. Akikaa chini siku 20 au zaidi, msimu mmoja kati ya hiyo mitatu umetumika. Zikiwa chini ya 20, anarudishiwa siku zake. Tangu 2022 hawezi kushushwa zaidi ya mara tano kwa msimu. Mrushaji akishushwa hukaa chini walau siku 15, wengine siku 10, isipokuwa anapoitwa kuziba nafasi ya majeruhi. Warushaji wa akiba ndio wanaoumia zaidi: anarusha mipira mingi usiku, mkono umechoka, asubuhi anashushwa ili aitwe mwenye mkono mpya.

Hapo jeraha lina bei. Mchezaji aliyeumia akiwa klabu kubwa haruhusiwi kushushwa. Huwekwa kwenye orodha ya majeruhi, siku zinaendelea na mshahara wa ligi kuu unaendelea. Anayeficha maumivu ili asionekane dhaifu, akashushwa, kisha akavunjika huko chini, hupoteza vyote viwili. Mshahara wa chini wa ligi kuu ni kama dola 4,000 kwa siku ya msimu. Mkataba wa ligi ndogo wa 2023, wa kwanza tangu wachezaji wake waingie chama cha wafanyakazi, uliweka dola 35,800 kwa mwaka mzima wa Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, kwa walio nje ya orodha ya watu 40. Siku tisa za juu zinalipa mwaka wa chini.

Na kabla ya siku ya kwanza kuhesabiwa kuna ngazi za kupanda, kutoka timu za mafunzo hadi Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Miaka ya huko haiingii kwenye hesabu kabisa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na hakuingia ligi kuu hadi Aprili 26, 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kufika huko. Alicheza mechi 41 kwa misimu miwili. Kwa Waganda kama David Matoma, mrushaji aliyesajiliwa na klabu hiyo hiyo, njia ni ile ile.

Hii miaka sita haikuanguka kutoka mbinguni. Hadi 1975 klabu ilimshikilia mchezaji maisha yake yote ya mpira. Curt Flood alikataa kuhamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia, akashindwa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliwapa uhuru warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, na kila mtu akawa na uwezo wa kuondoka. Kiongozi wa chama cha wachezaji, Marvin Miller, hakutaka wote wawe huru kila mwaka, kwa kuwa soko likifurika bei hushuka. Ndiyo maana upande wa wachezaji nao ulikubali miaka sita.

Kando ya hiyo miaka sita kuna viwango vingine ambavyo wachezaji huvijua kwa kichwa. Siku moja tu kwenye kikosi hufungua haki ya bima ya afya. Siku 43 humpa pensheni. Miaka mitano humwezesha kukataa kushushwa. Miaka kumi, mitano ya mwisho ikiwa klabu moja, humpa haki ya kuzuia kuhamishwa, na miaka kumi hiyo hiyo ndiyo ya pensheni kamili.