Saa Chache Montgomery, Alabama: Tunayoyaamini na Yaliyotokea Kweli

Wengi wanaokatiza Alabama kwa gari, wakitoka Atlanta kwenda New Orleans, hulisoma jina la Montgomery kwenye kibao cha barabarani na kukanyaga mafuta. Wachache wanaosimama hufika na hadithi ya darasani: bibi mmoja aliyechoka alikataa kusimama ndani ya basi, mchungaji kijana akahutubia, ubaguzi ukaisha. Hadithi hiyo imekatwa mno. Ukiingia nayo mjini utapiga picha na sanamu moja, ununue soda, uondoke. Montgomery ndiyo makao makuu ya jimbo, ina watu wapatao 200,000, na katikati yake panazungukika kwa miguu. Nusu siku inatosha kuona mengi, mradi baadhi ya mambo tunayoyaamini tuyaache njiani.

"Saa nne hazitoshi kitu"

Zinatosha. Anzia kwenye chemchemi ya Court Square, iliyojengwa 1885. Barabara ya Dexter inapanda kutoka hapo kuelekea mashariki hadi jengo jeupe la serikali ya jimbo, mwendo wa kama kilomita moja. Karibu na kilele, upande wa kulia, lipo kanisa la matofali mekundu ambalo Martin Luther King alikuwa mchungaji wake kuanzia 1954 hadi 1960. Hatua chache mbele yake, kwenye lango la jengo la serikali, nyota imepachikwa chini pale Jefferson Davis alipoapishwa Februari 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Sijui mji mwingine wa Marekani ambao historia mbili zinazopingana kiasi hicho zimekaa mlango kwa mlango hivi.

Anayetoka Atlanta ana bahati nyingine: Alabama iko nyuma ya Georgia kwa saa moja. Safari ni kama kilomita 260. Ukiondoka alfajiri unafika bado asubuhi mbichi, na kiangazi utaihitaji, maana joto la Julai huko lina unyevunyevu kama wa Tanga au Mombasa mwezi wa Februari.

"Rosa Parks alikuwa bibi mchovu aliyekaa siti za Wazungu"

Sentensi hii moja ina makosa matatu, na kila moja linampunguzia mama huyu heshima yake.

Siku alipokamatwa, tarehe 1 Desemba 1955, alikuwa na miaka 42. Hakukaa siti za Wazungu. Viti kumi vya mbele ndivyo vilivyotengewa Wazungu, naye alikaa safu inayofuata, ambako Weusi waliruhusiwa kukaa hadi dereva aamue vinginevyo. Basi lilipojaa na Mzungu mmoja akabaki amesimama, dereva James Blake aliwaamuru abiria wanne wa safu hiyo wote wainuke, kwa kuwa Mweusi hakuruhusiwa kukaa safu moja na Mzungu. Watatu waliinuka. Parks alibaki. Blake huyo huyo alikuwa amemteremsha kwenye basi mwaka 1943 kwa sababu alipandia mlango wa mbele.

Kuhusu uchovu, yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa amechoka mwili kuliko siku nyingine yoyote ya kazi; alichokuwa amechoka nacho ni kukubali kuonewa. Alikuwa mshonaji, ndiyo, lakini pia kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akifanya kazi ya ukatibu katika tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Mwaka 1944 alitumwa kufuatilia kesi ya Recy Taylor, mama kijana aliyebakwa na kundi la vijana wa Kizungu. Kiangazi cha 1955 alihudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander, Tennessee. Siku nne kabla ya kukamatwa alikuwa ndani ya kanisa lile la Dexter akisikiliza habari za Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na Wazungu. Huyo ndiye aliyekuwa ndani ya basi: mtu aliyeijua sheria, aliyewajua polisi wa mji wake na aliyejua gharama ya kusema hapana.

Makumbusho yake yako Mtaa wa Montgomery, kwenye eneo alipokamatiwa. Basi utakaloliona humo ni la mfano, nalo limetengenezwa vizuri. Lile lenyewe liko Michigan, katika makumbusho ya Henry Ford mjini Dearborn.

"Alikuwa wa kwanza, na kesi yake ndiyo iliyoshinda"

Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla yake, msichana wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kuinuka katika basi la mji huo huo na akatolewa na polisi kwa nguvu. Oktoba akafuata Mary Louise Smith, wa miaka 18. Viongozi wa Weusi hawakuzichukua kesi za mabinti hawa kuwa za kuhamasishia umma. Walitaka mtu mzima, anayeheshimika, ambaye magazeti hayangepata la kumchafulia. Naelewa hesabu yao. Hata hivyo inauma kwamba Colvin alikaa miongo mingi bila kutajwa.

Na mahakamani, jina la Parks halimo katika kesi iliyouvunja ubaguzi wa mabasi. Kesi hiyo inaitwa Browder dhidi ya Gayle. Gayle alikuwa meya. Walalamikaji wanne waliobaki hadi mwisho walikuwa wanawake: Aurelia Browder, Susie McDonald, na mabinti wale wawili, Colvin na Smith. Wakili wao, Fred Gray, alikuwa kijana wa miaka 25. Ilifunguliwa Februari 1956, majaji wakatoa uamuzi Juni, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikauthibitisha tarehe 13 Novemba mwaka huo. Sanamu ya Parks ilizinduliwa karibu na chemchemi tarehe 1 Desemba 2019, na hapo hapo zikawekwa alama za kuwakumbuka walalamikaji hao wanne. Wageni wengi hukumbatia sanamu, wakapigwa picha, na hawainamishi macho kuyasoma majina yale. Yasome.

"King ndiye aliyeuanzisha mgomo"

King alikuwa na miaka 26 na alikuwa bado mgeni mjini. Mgomo wa kutopanda mabasi, uliofuata kukamatwa kwa Parks, ulianzishwa na wanawake. Mei 1954, mwaka mmoja na nusu kabla, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, alimwandikia meya barua akimwonya kwamba Weusi walikuwa wakifikiria kuyasusia mabasi. Usiku ule Parks alipokamatwa, Robinson aliingia chuoni na wasaidizi wachache, akawasha mashine ya kurudufu, na kufikia asubuhi makumi ya maelfu ya vipeperushi yalikuwa tayari. E. D. Nixon, aliyekuwa mstari wa mbele katika chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala, ndiye aliyemwekea Parks dhamana na kuwapigia wachungaji simu. King alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha kuuongoza mgomo mchana wa tarehe 5 Desemba, siku mabasi yalipopita matupu.

Baada ya hapo kazi iliendelea siku 381. Watu walitembea kwenda kazini, wengine walibebwa na magari ya watu binafsi yaliyopangiwa vituo na ratiba. Petroli ilihitaji fedha, na hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, Georgia Gilmore. Alikuwa mpishi. Aliwakusanya wanawake wenzake wakapika kuku, sandwichi, keki na pai, wakauza mitaani na kwenye saluni, hata kwa Wazungu, na kila mkutano fedha zikapelekwa mbele. Kundi lao waliliita kwa jina linalomaanisha klabu isiyotoka popote, ili akiulizwa mtu fedha zimetoka wapi, ajibu bila kusema uongo. Gilmore alipotoa ushahidi Machi 1956 katika kesi ambayo King alishtakiwa kwa kuongoza mgomo, alifukuzwa kazi. Akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa, na King akawa mteja.

Kwa hiyo ukiitembelea nyumba aliyoishi King, ile ya Mtaa wa South Jackson iliyolipuliwa bomu Januari 1956 mkewe Coretta na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, ukumbuke pia majiko ya mitaa ile.

"Utumwa ulikuwa mambo ya bandarini na shambani"

Sisi tuliolelewa na historia ya Bagamoyo na Mkunazini tunatazamia soko la watumwa liwe karibu na bahari. Montgomery iko bara, lakini ilikuwa na masoko ya watu katikati ya mji, na chemchemi ninayokushauri uanzie imesimama pale minada ilipofanyika.

Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1808. Wengi wetu tunadhani hapo biashara ilipungua. Ilihamia ndani. Pamba ilihitaji mikono, na wamiliki wa Virginia na Maryland, ambao ardhi yao ilikuwa imechoka kwa tumbaku, waliuza watu kwenda kusini. Karibu watu milioni moja walihamishwa hivyo, wakitenganishwa na wazazi, wenzi na watoto. Waliofika Montgomery waliletwa kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo, kwa meli za mvuke kupitia Mto Alabama, na baadaye kwa treni. Kutoka gatini walipandishwa Mtaa wa Commerce hadi mnadani. Kufikia 1860 jimbo la Alabama lilikuwa na watumwa zaidi ya 435,000. Mtaa huo leo una migahawa na hoteli, na unaweza kuutembea kutoka mtoni hadi kwenye chemchemi kwa dakika chache. Utembee kwa upande huo, kutoka mtoni kwenda juu.

Makumbusho ya Legacy, ya taasisi ya Equal Justice Initiative iliyoanzishwa na wakili Bryan Stevenson, yamejengwa mahali palipokuwa na ghala la pamba. Humo ndani kupiga picha hakuruhusiwi, na nadhani ni uamuzi mzuri, watu husoma. Anayesoma kweli atatumia saa mbili au zaidi.

"Mnara wa kumbukumbu ni wa kupita tu"

Juu ya kilima, kidogo nje ya katikati ya mji, taasisi hiyo hiyo ilifungua mwaka 2018 eneo la kuwakumbuka Weusi waliouawa na makundi ya Wazungu bila kesi wala hakimu. Zipo nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja ya wilaya moja, zikiwa na majina ya watu zaidi ya 4,400 waliouawa kati ya 1877 na 1950. Mwanzoni nguzo ziko usawa wa uso wako. Kisha sakafu inashuka polepole, nguzo zinabaki juu, na unajikuta unatembea chini ya vitu vinavyoning'inia. Kwenye ukuta kuna sentensi fupi za sababu. Jesse Thornton aliuawa Luverne, Alabama, mwaka 1940 kwa kumtaja polisi Mzungu bila kutanguliza neno "bwana".

Karibu na mwanzo wa njia kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo, kazi ya Kwame Akoto-Bamfo wa Ghana. Jipe saa nzima hapo.

"King alihutubia kwenye ngazi za jengo la serikali"

Hapana. Maandamano ya kudai haki ya kupiga kura kutoka mji wa Selma, kilomita 87, yalipofika tarehe 25 Machi 1965 yakiwa na watu kama 25,000, King alisimama juu ya tela lililoegeshwa barabarani mbele ya ngazi.

"Haya ni ya Wamarekani"

Mei 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alikaribishwa Atlanta kwa chakula cha jioni na shirika lililoongozwa na King. Miezi miwili baadaye King, ambaye bado alikuwa mchungaji wa lile kanisa la matofali la Montgomery, alimwandikia Mboya kwamba haoni tofauti ya msingi kati ya ukoloni na ubaguzi wa Marekani, na akajitolea kusaidia masomo ya mwanafunzi kutoka Kenya katika chuo cha Tuskegee. Chuo hicho kiko kama kilomita 60 mashariki, kwenye barabara hiyo hiyo ya kurudi Atlanta. Ukiwa na saa ya ziada, pitia.

"Nitaenda Jumatatu, pasiwe na watu"

Makumbusho ya Legacy na eneo la nguzo hufungwa Jumatatu na Jumanne. Siku nyingine tiketi ya dola 5 inakuingiza kote kuwili, pamoja na bustani ya sanamu ya kando ya mto iliyofunguliwa 2024, na kuna basi dogo la kukuzungusha. Mwenye saa nne tu achague nguzo za kilimani na matembezi ya mtoni hadi ngazi za jengo la serikali ya jimbo, makumbusho ayawekee safari nyingine. Ikiwa ni Jumatatu tu unayoweza, kazi ya Maya Lin ya 1989 iko nyuma ya kanisa la Dexter, hailipiwi: meza ya mviringo ya jiwe jeusi, maji yakitiririka juu ya majina ya waliouawa katika harakati. Inaruhusiwa kuyagusa.