Mwenyeji mmoja, wageni wawili: kuchanganya mitindo kwenye wimbo wa kudai utu wa Watu Weusi

Wimbo wa kudai utu wa Mtu Mweusi ukibeba mitindo minne yenye nguvu sawa, unakosa pa kusimama. Chagua mmoja uwe mwenyeji wa mdundo, mingine iingie kama wageni, na wageni wawili wanatosha. Fela Kuti wa Nijeria alichota hailaifu (muziki wa dansi wa Afrika Magharibi), jazi, fanki na ngoma za Kiyoruba, lakini sikiliza vizuri uone nani mwenye nyumba: ni ngoma za Tony Allen, mpiga ngoma wake. Saksafoni inakuja na kuondoka, ngoma haziondoki.

Tuseme mwenyeji ni kengele ya Afrika Magharibi na mgeni ni hip hop. Mzunguko wa kengele una vipande 12, nayo hugongwa kwenye cha 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Mguu unakanyaga mara nne, kila pigo vipande vitatu. Hip hop hulikata pigo hilohilo vipande vinne. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, kipande cha tatu-tatu kinachukua milisekunde 222, cha nne-nne 167. Mikononi mwa mpiga ngoma aliyebobea, pengo hilo la milisekunde 55 ni utamu mtupu. Kwa sampuli (vipande vya sauti iliyorekodiwa) zilizopangwa kwenye kompyuta, linasikika kama mtu kateleza. Miksi nyingi zinafia hapo, halafu lawama zinamwendea mwimbaji.

Dawa yake: toazi la hip hop lipige tatu-tatu, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) ibaki kwenye pigo la 2 na la 4. Noti za nusu pigo zipewe suingi, yaani zicheleweshwe, hadi asilimia 67 hivi ya pigo, zitue juu ya kipande cha tatu. Mashairi ya rapu nayo yaandikwe kwa mwendo huo, maana mistari iliyotungiwa nne-nne itagombana na kengele silabi kwa silabi. Na ngoma kubwa ikipishana na besi ya kielektroniki, punguza sauti nzito za ngoma, zile zilizo chini ya hezi 80. Zikiachwa zote mbili huko chini, spika inanguruma tu.

Mgeni wa pili akiwa bluzi au nyimbo za injili, tatizo linahamia kwenye sauti. Noti ya tatu ya ngazi ya bluzi hukaa katikati ya ile ya meja (ngazi ya uchangamfu) na ya maina (ngazi ya huzuni), mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo. Programu ya kusahihisha sauti huiona kama kosa na kuivuta hadi noti ya jirani. Kilio kinageuka wimbo wa tangazo la sabuni. Izime programu hiyo kabisa kwenye sauti inayoongoza, na kinanda kiiache noti hiyo wazi.

Kila mtindo unaoalikwa uwe na kazi ya kusimulia. Mpiga ngoma wa jazi Max Roach na mwimbaji Abbey Lincoln waliporekodi "Driva Man" mwaka 1960, mzunguko ulikuwa wa mapigo matano, la kwanza likigongwa kwa ukali kama mjeledi wa msimamizi wa watumwa. Hata usipoyaelewa maneno, mjeledi unaufahamu. Mwimbaji Nina Simone alipita njia nyingine mwaka 1964: "Mississippi Goddam" inachangamka kama wimbo wa jukwaa la maigizo, huku maneno yakiwaka hasira baada ya mauaji ya Medgar Evers, mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani, na bomu la kanisa la Weusi mjini Birmingham, Alabama. Uchangamfu ule ndio unaochoma. Ukiuweka wimbo huo kwenye mwendo wa maombolezo, nusu ya makali yake imekwenda.

Kiitikio ndicho kinachotoka studio kwenda barabarani. Mwaka 2015 waandamanaji Marekani waliimba "Alright" ya rapa Kendrick Lamar bila bendi, na kiitikio chake kinabebeka: maneno machache, noti chache, yanajirudia. Chako kisivuke oktava moja (kutoka do hadi do ya juu yake), maana umati hauna muda wa kupasha sauti. Kiongozi akishatoa wito, acha pigo zima tupu watu wavute pumzi. Watunzi wengi huziba nafasi hiyo kwa tarumbeta, na itikio linaanza kwa kuchelewa. Kijaribu kwa makofi tu, watu watano, bila ala. Kikilegea, kiandike upya kabla hujagusa miksi.