Droo Imejaa, Mtaji Unaliwa: Dhana Potofu Kuhusu Biashara Ndogo

Biashara ndogo inaweza kuuza vizuri hadi siku inayofungwa. Wateja wanaingia, mzigo unatoka, na bado hakuna pesa ya kununua mzigo mwingine. Hapo mwenye biashara huanza kutafuta mchawi, wakati jibu liko kwenye hesabu ambayo hakuipiga.

Dhana: Nikiongeza 30% juu ya bei ya kununulia, basi nina nafasi ya kutosha ya kupunguza bei.

Ukweli: Kitu ulichonunua kwa 100 na kukiuza kwa 130 kinakuachia 30, ambayo ni takriban 23% tu ya bei ya kuuzia. Ukimpunguzia mteja 10%, atalipa 117 na faida itashuka hadi 17. Punguzo hilo dogo limemeza 43% ya faida yako. Faida uliyokuwa ukiipata kwa kuuza vitu 100, sasa utaipata kwa kuuza 177. Kabla ya kubandika tangazo la punguzo, jiulize hao wanunuzi 77 wa ziada watatoka wapi.

Tena hiyo 100 yenyewe mara nyingi si ya kweli. Chukua vitu 50 kwa 100 kila kimoja, lipa usafiri 200, kisha viwili vivunjike njiani: umetumia 5,200 kwa vitu 48, yaani 108 na ushee kila kimoja. Bei ipangwe kutokana na namba hiyo. Risiti ya msambazaji peke yake haitoshi.

Dhana: Kinachobaki kwenye droo jioni ni faida.

Ukweli: Ndani ya droo kuna mtaji wa mzigo wa kesho, kodi ya mwezi, umeme na mshahara wa msaidizi. Jumlisha gharama zote za mwezi zinazolipwa hata usipouza kitu, ukiweka na mshahara wako mwenyewe. Tuseme ni 6,000 na unafungua siku 25: kila siku inadai 240. Kama kila kitu kinakuachia 20 baada ya kutoa gharama yake, vitu 12 vya kwanza vinalipia siku hiyo tu. Faida huanza na cha 13.

Wengi hukataa kujilipa mshahara wakidhani wanajinyima kwa ajili ya biashara, kisha wanachota kidogo kidogo kila siku bila kuandika. Afadhali kiasi maalumu, tarehe maalumu. Bidhaa unayochukua kwenda nyumbani nayo iandikwe kwa gharama yake.

Dhana: Biashara yenye faida haiwezi kuishiwa pesa.

Ukweli: Inaweza, na hasa ikikua haraka. Hesabu siku. Mzigo unakaa stoo siku 20, mteja wa mkopo analipa baada ya siku 30, msambazaji anataka chake ndani ya siku 15. Kwa siku 35 pesa yako iko nje. Kama bidhaa unazouza kwa siku zinakugharimu 200, unahitaji 7,000 za kuziba pengo hilo. Mauzo yakiongezeka maradufu, pengo linakuwa 14,000. Ndiyo maana oda kubwa, inayoshangiliwa na kila mtu, huweza kuangusha biashara.

Dawa si moja: chukua malipo ya awali, toa ankara siku ileile unayokabidhi bidhaa, weka kikomo cha deni kwa kila mteja, na mzigo mpya usitoke kabla deni la zamani halijalipwa. Mteja mzuri hukasirika kidogo, kisha huzoea.

Dhana: Kununua mzigo mwingi ni nafuu daima.

Ukweli: Gawanya idadi iliyopo stoo kwa mauzo ya siku. Ukikuta vitu 300 na unauza 2 kwa siku, umenunua miezi mitano ya kuhofia kuharibika, kuibwa na kupitwa na wakati.

Dhana: Mkopo wa riba ya 12% kwa mwaka ni 12% popote.

Ukweli: Inategemea riba inapigwa juu ya nini. Ukikopa 12,000 kwa miezi 12 na riba ikapigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, utalipa riba 1,440. Ikipigwa juu ya deni linalobaki kila mwezi, kwa marejesho sawa, ni takriban 794. Asilimia ni ileile, gharama karibu mara mbili. Omba uandikiwe jumla utakayorudisha, pamoja na ada na bima, na uangalie marejesho yanaanza lini: mkopo wa mzigo unaouzika kwa siku 50 lakini unaodaiwa kila wiki kuanzia wiki ya kwanza utalipwa kwa mtaji uliokuwa nao tayari.